Maziwa ya Wanaume wa Asidi

Nyumbani kwetu Kikula, mtaa wa Likasi, maji ya bomba huja yanapotaka, lakini maziwa hayakukosekana. Yalipangwa chini ya meza, pakiti juu ya pakiti, na yote yalikuwa ya binti yangu Sephora.

Mume wangu Damas anafanya kazi sehemu ya asidi katika kiwanda kimoja cha shaba hapa Likasi. Kila zamu, mfanyakazi wa asidi hupewa pakiti ya maziwa. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko sisi. Baba yake Damas aliyapata maziwa hayo hayo enzi zake, yakija katika chupa. Kila mtu mjini anakujibu ukimuuliza ni ya nini: yanaosha vumbi kifuani na sumu tumboni. Ukipita mbele ya lango saa ya kubadilishana zamu, utawaona wanaume wakiyanywa wamesimama, haraka, kama dawa.

Sephora alipougua, Damas aliacha kunywa yake. Aliileta pakiti nyumbani ndani ya koti. Kisha Kitenge, kiongozi wa timu yake, akaacha kunywa yake pia. Kisha timu nzima. Walitundika mfuko kwenye msumari katika chumba cha kubadilishia nguo, na kila aliyetoka alitia pakiti yake humo. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Mwisho wa juma Damas alifika na mfuko begani, akaupakua chini ya meza, akamwita Sephora aje aone.

Sephora alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari ugonjwa ulipoanza. Kwanza kikohozi. Halafu macho mekundu, vifundo vya miguu vilivyovimba, mabonge mekundu kwenye miundi, na uchovu wa kumfanya akae kitako katikati ya kufagia. Tulimtibu kifua kikuu hata vipimo vilipokataa, maana hapa kikohozi kirefu ni kifua kikuu tu. Alimeza dawa zote hadi mwisho. Hakupona. Ndipo daktari Ghislain, kijana wa hospitali moja hapa mjini, alipokata kipande cha tezi shingoni mwake na kukituma Lubumbashi. Jibu lilirudi na jina ambalo sikuwahi kulisikia: sarkoidosi.

Daktari alitueleza vizuri. Mwili unajenga vinundu vya uvimbe ndani ya mapafu, ndani ya tezi, popote unapotaka, kana kwamba unapigana na adui. Adui mwenyewe hakuna aliyemwona. Niliuliza ugonjwa unatoka wapi. Haijulikani. Niliuliza kama watu wanapona. Wengi wanapona wenyewe baada ya miaka, alisema, wengine hapana. Niliuliza binti yangu yuko upande gani. Akaangalia viatu vyake.

Siku hiyo aliuliza pia kama nyumbani kuna mtu anayefanya kazi kwenye vumbi la madini, na nani anafua nguo zake. Sephora ndiye aliyekuwa anafua ovaroli za baba yake tangu akiwa msichana mdogo. Tulimwambia. Daktari aliandika, hakusema ndiyo wala hapana, akaenda kwenye swali lingine. Damas hakwenda naye. Alibaki kwenye swali lile. Tangu siku hiyo alifua ovaroli zake mwenyewe, nyuma ya nyumba, na hakumruhusu hata kuzianua.

Vidonge vya prednisoni vilimwinua Sephora. Uso wake ukawa mviringo na majirani wakatupongeza kwamba amenenepa. Lakini kila tulipopunguza vidonge, kikohozi kilirudi, na kila tulipoviongeza, vilimharibia tumbo na usingizi. Tulikaa hapo, kati ya kikohozi na vidonge, mwaka mzima na zaidi.

Halafu kliniki moja ikampima damu na kutuambia kwamba vitamini D yake iko chini kabisa. Wakatuandikia chupa ndogo za vitamini, za kunywa. Mimi nina diploma ya usimamizi na ninaendesha depo la saruji. Stoo ikipungua, unajaza. Hilo halikuhitaji kufikiriwa mara mbili.

Tukamjaza. Chupa moja ilipoisha Damas alinunua nyingine, na hakungoja karatasi ya daktari. Kila asubuhi kabla ya kwenda depo nilitoa kiti uani, mahali jua linapopiga mapema, nikamwambia akunje mikono ya blauzi. Dada yake Damas, tantine Henriette, anauza samaki wa ziwa Tshangalele. Alileta wale wadogo waliokaushwa na kuamuru watafunwe na mifupa yao. Na maziwa asubuhi, mchana, jioni.

Sephora akazidi kudhoofika. Alikuwa na kiu isiyokatika. Alitapika, akashindwa kupata choo, akasema mifupa inamuuma kama mtu aliyepigwa. Sisi tukaongeza maziwa.

Habari za utafiti nilizipata kwa daktari Ghislain. Huko Lubumbashi kulikuwa na daktari mmoja, mama Aimée, aliyekuwa anatafuta watu wenye magonjwa ya uvimbe wa muda mrefu na vitamini D ya chini. Nusu yao wangepewa vitamini, nusu wangepewa kidonge kitupu, wafuatwe mwaka mzima ionekane nani anapata nafuu. Ghislain alinionya kwamba huo ni utafiti, si matibabu. Nilimjibu kwamba tofauti hiyo ni ya watu wenye watoto wasioumwa, na kwamba aandike jina la Sephora.

Nilijua kidonge kinaweza kuwa kitupu. Nilichotaka ni mtu. Nilitaka kuwe na mtu mmoja anayelazimika kumtazama mwanangu kila mwezi na kuandika alivyoona, kwa sababu mimi nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu ninayeona.

Huko Lubumbashi walimtoa damu. Baada ya juma moja tuliitwa tena, mimi na yeye. Damas alikuwa kazini.

Mama Aimée alikuwa wa umri wangu, miwani ikining'inia kifuani, msemaji wa haraka. Nilimpenda kabla hajafungua mdomo. Alianza kwa kusema kwamba Sephora hataingia kwenye utafiti. Wanapima kalsiamu ya damu kwanza, hasa kwa ugonjwa kama wake, na ya kwake ilikuwa juu mno. Akamgeukia Sephora, akamtazama midomo iliyokauka, kisha akanigeukia mimi.

“Mama, huyu mutoto anakunywa nini?”

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimeinua kichwa, maana hakuna mama Likasi aliyemlisha mgonjwa kama mimi nilivyomlisha. Maziwa ya watu kumi na mmoja. Samaki na mifupa yao. Jua. Chupa za vitamini, bila kukosa. Nilipofika kwenye chupa aliweka kalamu mezani.

Alinieleza polepole, na mara mbili. Vitamini D ina sura mbili. Moja ni akiba, inakaa tu damuni. Nyingine ndiyo yenye nguvu. Hiyo inauamuru utumbo uvute kalsiamu kutoka kwenye chakula. Kwa mtu asiye mgonjwa figo zinapima ni kiasi gani cha akiba kigeuzwe. Kwa Sephora, vile vinundu vya uvimbe vinaigeuza vyenyewe, bila kupima na bila kusimama. Kliniki ilipima akiba, ikaiona iko chini, ikasema ongeza. Hakuna aliyepima ile nyingine.

Nilielewa upesi kuliko nilivyotaka, nikamwambia kwa hesabu ya depo langu. Stoo ikiwa tupu, si lazima kuwe na uhaba wa saruji mjini. Inawezekana kuna mtu anajenga usiku na mchana. Ukiendelea kumletea mifuko, ataendelea kujenga.

“Anajenga nini?” nilimuuliza.

“Kalsiamu inakwenda kwenye figo,” alisema. “Mama, hii inaweza kuua figo.”

Nilimuuliza kama basi vitamini D ni mbaya. Alisema hapana, kuna wagonjwa inaowasaidia, na kuna wenzake wanaodhani akiba ya chini ni alama tu ya uvimbe wala siyo chanzo chake, na wengine wanaobisha. Hawajui bado. Ndiyo maana wanatafiti. Lakini kwa Sephora, leo, anajua: asipewe chupa tena, wala maziwa, wala samaki wa mifupa, asiote jua, anywe maji mengi, na daktari Ghislain apange vidonge upya. Akaandika barua ya kumpelekea. Nilimuuliza kama atamwona tena. Alisema yeye hawezi, kwa kuwa Sephora hayumo kwenye utafiti.

Sephora alitembea mbele yangu hadi barabarani. Hapo aliniuliza nani atamwambia baba yake.

Nilimwambia Damas mimi mwenyewe, jioni ile ile, sahani ya bukari, ugali wetu, ikiwa mbele yake. Damas ni mtu mpole. Hanywi pombe, hapigi kelele. Alinisikiliza hadi mwisho, akanawa mikono bila kula.

“Banakatala mutoto wetu,” alisema, “sasa banatafuta sababu.”

Nilimweleza akiba na ile yenye nguvu. Nilimweleza figo. Alisema baba yake alivuta asidi hadi siku ya pensheni na kilichomweka hai ni maziwa. Alisema wazee wote wa kiwanda wanajua. Aliniuliza tangu lini karatasi ya watu wa Lubumbashi inajua vumbi la Likasi kupita watu wanaolivuta. Nilimwambia Sephora haumwi vumbi. Nikaona uso wake ukibadilika, nikajua nimesema nisilolijua, kwa sababu hakuna daktari aliyewahi kusema hivyo.

“Kama si vumbi, ni nini?” aliuliza. “Sema.”

Nilichukua pakiti zote chini ya meza nikazigawa kwa majirani wenye watoto. Kiti nilikiingiza ndani. Chupa za vitamini nilizipeleka kwa Ghislain, ambaye aliisoma barua, akapandisha prednisoni, akasema tungoje.

Kwa muda mfupi Sephora alipata nafuu. Alikula. Alinicheka nilipopika sombe, majani ya muhogo, bila chumvi kwa kusahau, akasema hata utafiti wa Lubumbashi usingeikubali. Kisha kiu ikarudi. Nilipima maji anayokunywa, nikachungulia sufuria, nikamuuliza tantine Henriette kama anamletea samaki kwa siri. Henriette alikasirika na kuapa, na nilimwamini, kwa sababu Henriette akifanya jambo hutaka lijulikane.

Juma lile Damas alikuwa zamu ya asubuhi. Alirudi nyumbani mchana; mimi nilirudi jioni, depo likishafungwa. Sikuliweka hili na lile pamoja.

Jumamosi asubuhi, Damas akiwa kazini, nilimkuta Sephora amekaa kitandani na viatu miguuni. Aliniita mwalimu. Aliniomba ruhusa ya kutoka darasani. Nilimshika uso nikamwambia mimi ni mama yake, akakubali kwa adabu, kama mtu anayekubali jambo ili mkubwa anyamaze. Nilimwita jirani mwenye gari, tukampeleka hospitali.

Ghislain alimtundikia maji ya chumvi na kupima damu. Kalsiamu ilikuwa imepanda kuliko ile ya Lubumbashi, na figo zilikuwa zimeanza kushindwa kazi. Alisema tutampa maji usiku kucha, tuongeze dawa za kupitia mshipani, tupime tena kesho. Figo zikiendelea kudhoofika, itabidi apelekwe Lubumbashi kwenye mashine ya kusafisha damu. Hakuangalia viatu vyake safari hii. Alinitazama mimi. Aliniuliza nani bado anampa.

Asubuhi akili ya Sephora ilikuwa imerudi kiasi. Alijua jina langu na jina la hospitali. Nilimuuliza bila kuzunguka.

“Papa njo ananipatiaka,” alisema. “Nikikatala, analia.”

Aliniomba nisimgombeze. Alisema Damas huketi ukingoni mwa kitanda, anafungua pakiti, anangoja. Alikunywa kwa sababu hakuwa na nguvu ya kumtazama baba yake hivyo. Alisema pia, macho yakiwa juu ya dari, kwamba alijua yanaweza kumuua, na kwamba alifikiri labda wote wawili wangepumzika.

Nilimkunjia shuka miguuni. Ilikuwa imekunjwa tayari.

Damas alifika kabla ya adhuhuri akielekea kazini. Jumapili zamu hubadilika; sasa alikuwa wa mchana. Alikuwa amevaa ovaroli safi, iliyonyooka, na begani alikuwa na mfuko. Timu ilikuwa imesikia jana kazini kwamba Sephora amelazwa, na kila mmoja akatia humo pakiti yake ya zamu. Aliuweka chini ya kitanda cha hospitali, mahali pale pale angeuweka nyumbani. Muuguzi aliutazama, akanitazama.

Nilimwambia Damas matokeo ya figo. Nilimwambia kuhusu mashine. Nilisema mbele ya Sephora, kwa sauti ya kawaida, na sikumwambia ninajua kuhusu kitanda na pakiti, kwa sababu nilimwona ameshaelewa kwamba ninajua. Alishika chuma cha kitanda. Alisema angemletea hata damu yake kama ingewezekana, na kwamba mtu hawezi kukaa tu.

Niliuchukua mfuko, nikatoka. Ulikuwa mzito. Kutoka hospitali hadi lango la kiwanda ni mteremko na mimi natembea haraka. Nilimsikia akinifuata, buti zake zikigonga lami, lakini hakujaribu kunipokonya.

Timu ya asidi ilikuwa imekaa ukutani ikingoja king'ora cha zamu. Kitenge aliniona wa kwanza. Ni mtu mnene, mwenye meno yaliyoliwa na mvuke wa asidi, na hakosi neno.

“Mama Sephora anakuja kuomba kazi,” aliwaambia wenzake. “Mumupatie buti. Lakini asituchunge vile anachungaka saruji yake.”

Walicheka kidogo, kwa heshima. Niliweka mfuko chini mbele yao nikaufungua. Kicheko kikaisha. Kwetu kumrudishia mtu alichompa mgonjwa wako ni kumwambia kwamba mkono wake una kitu kibaya. Nilijua hivyo nilipokuwa nateremka. Mmoja wao alisimama akaondoka karibu na ukuta, asiguswe na jambo hili.

Nilitaka kuwaeleza akiba na ile yenye nguvu. Nilifungua mdomo na hayo yote yakawa hayana maana. Kulikuwa na watu kumi ambao kwa miezi mingi walivuta asidi bila kunywa kitu chao, kwa ajili ya mtoto ambaye wengine hawajawahi hata kumwona.

“Sephora anakufa figo,” nilisema. “Maziwa ni mazuri, ila ugonjwa wake unayageuza sumu. Mutu yeyote akimupatia tena, anamumaliza. Ninyi mulimupenda. Sasa nawaomba mukunywe. Hapa, nikiwaona.”

Hakuna aliyesogea. Kitenge alimtazama Damas aliyekuwa nyuma yangu. Alimuuliza kwa macho kama ni kweli, kama ruhusa ipo. Sijui Damas alijibu nini kwa uso wake, sikugeuka.

“Mie nilikuwa nimesahau hata ladha yake,” Kitenge alisema. Aliinama akachukua pakiti, akaing'ata kwenye kona, akanywa yote bila kupumua. Akafuta mdomo. “Bibi yangu asijue kama nimenyweshwa na mwanamke mwingine.”

Mwingine akachukua. Halafu mwingine. Yule aliyeondoka ukutani alirudi. Wengine walikohoa wakinywa. Nilisimama hapo nikihesabu vichwa kama ninavyohesabu mifuko ikishushwa kwenye lori.

Ilibaki ya Damas. Aliishika kwa mikono miwili. King'ora kililia, timu ikaanza kuingia, Kitenge akamshika bega akapita. Tulibaki sisi wawili na mfuko mtupu.

“Nikiikunywa,” alisema, “ni kusema hakuna kintu ningeweza kufanya.”

Ningeweza kumdanganya. Mama Aimée angemweleza kwa maneno mazuri, padre pia. Mimi nilimtazama mume wangu, ambaye kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi anapovuta pumzi, na kilikuwa kinapiga hivyo kwa muda mrefu, na sikuwa nimekisikia kwa sababu masikio yangu yote yalikuwa kwa Sephora.

“Hakuna,” nilimwambia. “Kunywa.”

Aling'ata kona. Alikunywa polepole, machozi yakiingia mdomoni pamoja na maziwa, kisha akaikunja pakiti ikawa ndogo sana na kuitia mfukoni mwa ovaroli. Alipita langoni bila kugeuka.

Nilipanda mlima kurudi hospitali. Chupa ya maji ya mshipa ilikuwa imebadilishwa. Ghislain alikuwa ametoa damu nyingine. Majibu yangekuja jioni, na umeme ukikatika, kesho. Sephora alikuwa macho. Alitazama chini ya kitanda, akaona mfuko haupo, akatazama mikono yangu.

“Alilia?” aliuliza.

“Alikunywa.”

Alifumba macho. Kisha aliomba maji. Nilimshika kichwa nikamnywesha, kidogo kidogo, na tukaanza kungoja jioni.